Kwa maziwa ya Hanang, lala Katesh



Wengi wanaokuja kupumzika kando ya maziwa ya mkoa wa Manyara bila gari lao hulala Babati. Sawa, ziwa liko pembeni ya mji na viboko wamo. Ila mimi ningeshuka Katesh.

Mji huo uko kwenye lami ya Babati–Singida, kwa hiyo mabasi ya Arusha na Singida hupita mlangoni. Kaskazini mwa Mlima Hanang (mita 3,417!) kuna Ziwa Balangida, la magadi, ambalo kiangazi hunywea na kuacha chumvi nyeupe. Njia ya Haydom inakupeleka Basotu, ziwa la maji baridi lenye samaki. Toka asubuhi, na muulize kondakta gari la mwisho la kurudi kabla hujashuka. Bodaboda ya jioni ni ghali.

Mbulu mjini wana Ziwa Tlawi na hali ya hewa tamu, lakini kutoka huko hadi Basotu siku huishia njiani.

Tena Katesh iliumizwa na maporomoko ya tope ya Desemba 3, 2023. Pesa ya mgeni anayelala gesti pale ina kazi. Halmashauri nayo ibandike stendi ubao wa njia na nauli.

Msomaji,
Singida