Ziwa lipumzike, lakini mzigo usibebwe na mdogo peke yake

Kalemie. Kila mwezi wa tano unapokaribia, maneno ufukweni ni yale yale: ziwa litafungwa ao halitafungwa? Wenye vyombo wanaulizana kama wanunue mafuta ao wapandishe pirogi mchangani. Akina mama wanaoanika ndakala wanaulizana kama wakope pesa ya mtaji sasa ao wangoje. Na kule Katanika na Kalunga, kwenye kambi za waliokimbia vita, swali ni fupi zaidi: watoto watakula bugali na nini?

Mpango wenyewe si siri. Mwezi wa Desemba 2021, nchi nne zinazolizunguka ziwa Tanganyika, ni kusema Congo, Tanzania, Burundi na Zambia, zilitia sahihi mapatano ya pamoja juu ya uvuvi, chini ya Mamlaka ya Ziwa Tanganyika yenye makao yake Bujumbura. Ndipo ukaja utaratibu wa kulipumzisha ziwa miezi 3 kila mwaka, tangu 15 Mei hadi 15 Agosti. Tanzania ilifunga upande wake mwaka 2024. Congo ndiyo yenye sehemu kubwa kuliko wote, karibu asilimia 45 ya maji yote. Wengine wakifunga na Congo isifunge, kazi yao ni bure, maana samaki hawajui mpaka.

Basi isemwe wazi tangu mwanzo: ziwa linahitaji kupumzika. Mzee yeyote aliyevua miaka 30 kati ya Moba na Kabimba anajua kwamba ndakala, lumbu na mikebuka hawajai tena kwenye wavu kama zamani. Kinachopingwa hapa ni namna ya kugawa mzigo. Kwa jinsi ulivyo leo, mpango huu unamfunga mwenye pirogi moja na mama mwenye sinia, huku mwenye wavu haramu akibaki na miezi 9 mingine ya kufanya apendavyo.

Wavuvi wanaambiwa kila siku kwamba wao ndio waliomaliza samaki. Ni kweli, lakini ni nusu ya ukweli. Mwaka 2003, watafiti wakiongozwa na Catherine O'Reilly walieleza katika jarida la Nature kwamba ziwa limepata joto. Maji ya juu yakiwa moto, hayachanganyiki vizuri na maji ya chini yenye rutuba, na vile vimelea vidogo vya kijani vinavyolisha ndakala vinapungua. Walikadiria kwamba chakula hicho kimepungua kwa karibu asilimia 20, na kwamba samaki wanaweza kuwa wamepungua kwa karibu asilimia 30 kwa sababu hiyo. Mwaka 2016, Andrew Cohen na wenzake walichimba udongo wa chini ya ziwa, wakasoma mabaki ya samaki yaliyolala humo tabaka juu ya tabaka. Waliona kwamba kupungua kulianza kabla ya uvuvi mkubwa wa biashara kuingia kati ya karne iliyopita.

Joto hilo halikutoka Kalemie, wala hakuna amri ya guvernera inayoweza kulizima. Kwa hiyo kinachobaki mikononi mwa watu wa hapa ni kupunguza kile ambacho mikono ya watu inaharibu. Hiyo ni sababu nzuri ya kuwa na msimu wa kupumzika. Lakini ni sababu nzuri pia ya kuacha kumsemesha mvuvi kama mwizi. Anayebeba mzigo wa kosa ambalo si lake lote anastahili kusikilizwa juu ya njia ya kuubeba.

Na mvuvi ana maneno ya kusema.

Neno la kwanza ni mwezi. Ndakala huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mbalamwezi inapong'aa, samaki hawakusanyiki chini ya taa, na vyombo hubaki ufukweni siku kadhaa hadi giza lirudi. Ni kusema, mvuvi wa taa tayari ana mapumziko kila mwezi, mwaka mzima, bila askari wala karatasi. Wengi wanauliza kwa nini mapumziko yasijengwe juu ya desturi hiyo: siku za mbalamwezi ziongezwe, zilindwe kwa sheria, na zifuatwe na wote. Wataalamu wanaweza kujibu kwamba hayo hayatoshi, kwamba samaki wanahitaji muda mrefu zaidi wa kuzaa na kukua. Inawezekana wana haki. Lakini jibu hilo linapaswa kutolewa mbele ya wavuvi, kwa lugha wanayoisikia, kabla ya ziwa kufungwa. Ukisubiri kumweleza mtu akiwa tayari ameshikwa na pirogi yake, hilo si elezo tena.

Neno la pili ni jua. Miezi hiyo mitatu ndiyo kiangazi chetu. Ndiyo wakati ndakala anapokauka vizuri mchangani, kabla ya mvua kurudi kumwozesha. Mama anayenunua ndakala mbichi asubuhi, akamwanika, akamtuma hadi Lubumbashi, anategemea jua hilo kulipa shule ya watoto mwezi wa tisa. Ukifunga ziwa wakati wa jua na kulifungua mvua ikikaribia, umemnyang'anya mama huyu mara mbili. Mara ya kwanza kwa kukosa samaki, mara ya pili kwa kupata samaki asiyekauka. Jina lake haliko kwenye orodha ya wavuvi, kwa sababu yeye havui. Hata msaada ukija, utapita mbali na mlango wake.

Neno la tatu, na ndilo kubwa, ni nyavu. Samaki wadogo wengi hulelewa karibu na ufuko, kwenye maji mafupi, kwenye majani na mawe. Hapo ndipo kokoro hupita, ule wavu mrefu unaokokotwa na watu wengi kutoka majini hadi mchangani, ukisomba kila kitu: mayai, watoto, na samaki wasio na kazi sokoni. Hapo pia ndipo chandarua hutumika kama wavu. Kazi hiyo inafanyika mchana, mbele ya macho ya wote, mahali ambapo mtu anaweza kufika kwa miguu. Kama serikali haiwezi kusimamisha wavu unaokokotwa mchana ufukweni, itawezaje kulinda giza la ziwa lenye urefu wa kilomita zaidi ya 600? Miezi 3 ya kufunga haitarudisha kile ambacho miezi 9 ya kokoro inakula.

Hapa lazima kusema ukweli usiopendeza. Baadhi ya wanaokokota chandarua ni maskini kuliko wote, na kati yao wamo waliokimbia vita. Umaskini wao haugeuzi chandarua kuwa wavu mzuri. Mtoto wa samaki anayekufa mkononi mwa maskini amekufa sawa na yule wa tajiri. Tena chandarua kikienda ziwani, mtoto wa nyumbani analala na mbu. Kwa hiyo chandarua kitoke majini. Lakini kitoke kwa kubadilishwa: leta chandarua, chukua wavu wa matundu ya halali ao ndoano. Kumnyang'anya tu ni kumsukuma arudi usiku.

Watu hao hawakuja Kalemie kwa kupenda. Wengine walifika tangu mapigano ya jamii za Watwa na Waluba yalipopamba moto mwaka 2016 na 2017. Wengine wametoka Uvira na Fizi mwaka 2025, wakashuka kwenye maboti na watoto mgongoni. Mkaaji mwenye shamba anaweza kula sombe na mihogo yake hadi mwezi wa nane. Aliyekimbia ameacha shamba nyuma. Hapa ziwa ndilo shamba lake pekee: anavuta kamba, anabeba mizigo, anatoa maji kwenye pirogi, na malipo yake mara nyingi ni samaki wa sufuria. Siku ziwa linapofungwa, hakuna anayemwandika kuwa amepoteza kazi, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwandika kuwa alikuwa nayo.

Wapo watakaosema: sheria ni sheria, hata wawindaji wana msimu wao. Ni kweli. Dekri ya 21 Aprili 1937, ya enzi za Wabelgiji, iliweka uwindaji na uvuvi katika karatasi moja, na sheria ya uwindaji ya 28 Mei 1982 inajua vizuri habari ya kufunga na kufungua msimu. Basi na tuwatazame wawindaji, lakini tuwatazame hadi mwisho.

Huko Marekani kuna watu wanaowinda bata wa mwitu. Nao pia wana msimu wenye tarehe, na idadi ya bata ambayo mtu haruhusiwi kuipita kwa siku. Nao pia hugombana juu ya tarehe hizo: wa kaskazini wanataka mapema, wa kusini wanataka kuchelewa, maana bata huhama na baridi. Lakini kuna mambo mawili yanayofanya sheria ile ikubaliwe. Kwanza, tangu mwaka 1955, kila mwaka marubani na wataalamu wa Marekani na Kanada huruka juu ya mabwawa wakihesabu bata na maji, na hesabu hiyo hutangazwa. Bata wakipungua sana, msimu hufupishwa, wakijaa, hurefushwa. Pili, kwa sheria ya mwaka 1934, mwindaji hununua stempu kila mwaka, na pesa yake inaenda kununua na kulinda mabwawa ambamo bata huzaa. Mwindaji ananung'unika, lakini anaona hesabu, na anaona pesa yake imegeuka kuwa maji na majani.

Mvuvi wa Kalemie anaonyeshwa nini? Ziwa likifunguliwa tarehe 16 Agosti, nani anamsomea hesabu ya samaki walioongezeka? Akilipa faini, risiti iko wapi, na pesa hiyo imelinda ufuko gani? Bila hesabu, kufunga ni imani tu, na mtu mwenye njaa hawezi kulazimishwa imani. Bila risiti, faini inafanana na bei ya kupita, na anayeweza kuilipa atavua hata ndani ya msimu. Hapo sheria inakuwa kama wavu wa ajabu: samaki wakubwa wanapita, wadogo wananaswa.

Madai ya ufukweni si mengi, na hakuna hata moja linalosema ziwa liachwe liharibiwe.

Tarehe itangazwe mapema, angalau miezi 3 kabla, kwenye radio na kwenye kambi, kwa Kiswahili, ili mama asikope mtaji wa samaki ambao hawatakuja. Kokoro na nyavu za matundu madogo zizuiliwe mwaka mzima, kuanzia na wenye nyavu kubwa, na mahali pa kulelea samaki wadogo pawekewe alama na kulindwa na kamati za wavuvi wenyewe pamoja na serikali. Kila faini iandikwe, na jumla yake isomwe hadharani. Msaada wa miezi ya kufungwa uhesabu nyumba zote zinazokula kutokana na ziwa: mvuvi, muuza samaki, mwanika samaki, mbeba mzigo, na aliyekimbia vita. Na mwisho, samaki wapimwe kabla ya kufunga na baada ya kufungua, na matokeo yaletwe Kalemie kabla ya kupelekwa kwenye mikutano ya mbali.

Kama hayo yakifanyika, wavuvi wa hapa watalinda ziwa kuliko askari yeyote, kwa sababu ni wao wanaolala juu yake usiku na kuona kila taa. Kama hayakufanyika, kila mwaka itakuwa mchezo ule ule: mkubwa analipa na kuvua, mdogo anakimbizwa, na samaki wanaendelea kupungua huku karatasi zikisema ziwa limepumzika.

Mvuvi anajua kungoja. Amezoea kungoja mwezi uzame ndipo awashe taa. Anachokataa ni kungoja na watoto wenye njaa huku akisikia, mbele ya ufuko wake, watu wakikokota kokoro mchana kweupe.