Mapigo Yaendayo Kombo

Uchunguzi wa macho uliofanywa Nakuru mwaka 2007 na 2008, kwa watu zaidi ya 4,000 waliotimu miaka 50, ulidhihirisha kwamba yapata nusu yao walikuwa na shinikizo la damu. Nalo, likiachwa bila dawa, huweza kutanua vyumba vya juu vya moyo hata umeme wake ukapotea njia, mapigo yakaenda shaghalabaghala, damu ikatuama na kuganda, na bonge likapanda ubongoni kuleta kiharusi, ambacho hatari yake yakadiriwa kuongezeka hadi mara tano. Ajabu ni kwamba wengi wenye mapigo hayo hawahisi kitu. Twaona ni wajibu kila zahanati, toka Naivasha hata Molo, imshike mgonjwa kifundo cha mkono, imhesabie mapigo dakika moja kamili: kazi hiyo haitaki mtambo, yataka saa tu.