Kabla hujakubali kwamba 'bodi imekufa'

Ingia saiba yoyote Wote, Mwingi au Kitui mjini, kisha uangalie pembeni. Hutakosa kompyuta ya mezani iliyofunikwa kwa gunia, au iliyogeuzwa meza ya kuwekea karatasi. Uliza ina shida gani. Utajibiwa kwa maneno mawili: bodi imekufa. Ukiuliza nani aliipima, kimya.

Hapo ndipo pesa zetu huishia. Fundi ana foleni, nawe una haraka kwa sababu fomu ya HELB inafungwa kesho, basi anatoa hukumu ya haraka na kukuuzia mashine nyingine ya mtumba. Ile "maiti" anabaki nayo. Pita hapo mwezi ujao, usishangae ukiikuta inachapa kazi.

Msomaji wangu, kompyuta ikikataa kuwaka, ubao mama ndio mshukiwa wa mwisho. Ukambani tuna washukiwa wetu tunaowajua: vumbi, joto, na stima inayopotea ghafla na kurudi kwa kishindo.

Anza kwa kujiuliza imekataa vipi. Kama haina taa wala feni haizunguki, usifungue chochote bado. Jaribu soketi nyingine na waya mwingine, achana na ile ekstensheni ya soo mbili. Kisha chomoa waya, bonyeza kitufe cha kuwasha kwa sekunde kama 15, rudisha waya, ujaribu tena. Ikigoma, mshuku kisanduku cha umeme kilicho nyuma. Hicho hubadilishwa kizima. Usikifungue hata kama umechomoa stima, maana kapasita zilizo ndani hubaki na umeme unaoweza kukuua.

Na kama feni inazunguka lakini kioo ni giza? Hapa ndipo wengi huuziwa mbuzi kwenye gunia. Kwanza kagua waya wa kioo. Kama mashine ina kadi ya picha ya ziada, waya unafaa kuingia kwenye kadi hiyo. Ukiwa sawa, chomoa stima, fungua ubavu, gusa chuma cha kasha ili kuondoa umeme ulio mwilini mwako, kisha toa vijiti vya RAM. Sugua meno yake ya dhahabu polepole kwa raba ya penseli, pangusa, rudisha kimoja kimoja hadi usikie "tak". Jaribu kila kijiti peke yake. Vumbi la Kyuso huwa halibishi hodi, linaingia tu. Tena HP na Dell nyingi za mtumba hutaja ugonjwa wao zenyewe: taa ya kitufe humetameta, au mashine hulia kwa hesabu fulani. Hesabu milio, andika modeli, tafuta maana yake kwa simu. Fundi asiyehesabu hiyo milio hajaanza kazi.

Ikiwaka dakika mbili kisha ijizime, hasa huko Makindu na Kibwezi ambako joto si la mchezo, angalia feni ya prosesa. Mara nyingi utakuta blanketi la vumbi.

Lakini kisa kinachonichekesha zaidi ni cha betri. Kila asubuhi mashine inasimama, inakuomba ubonyeze kitufe fulani, halafu saa inasema tuko 2009. Ukiingia mtandaoni, eCitizen inakataa, tovuti ya KRA inakataa, na mwenye saiba anapigia kampuni ya intaneti matusi. Kumbe tovuti salama huwa na vyeti vyenye tarehe, na kompyuta inayodhani tuko 2009 huviona kama bado havijaanza kutumika. Dawa ni betri moja ya duara, CR2032 ya volti 3. Haizidi bei ya chakula cha mchana hotelini.

Kuna ile nyingine inayosema haioni diski ya kuwashia. Angalia kama kuna flashi imesahaulika imechomekwa, kisha kaza waya wa diski. Ukisikia diski ikigonga tak-tak-tak, zima. Kila ukiwasha tena unapunguza nafasi ya kuokoa kilichomo. Na fundi akisema "tupige Windows upya", kabla ya kuitikia muulize faili zako zitaenda wapi. Diski inaweza kutolewa, ikaunganishwa na mashine nyingine nzima, na faili zikanakiliwa kwanza. Saiba ya kijijini hubeba sivii za vijana na barua za ardhi za wazee. Akikataa kunakili, beba mashine yako uende.

Mimi niliacha chuo, kwa hivyo sisemi kila mtu akasomee shahada ndipo ashike bisibisi. Nasema mahali pa kujifunzia tunapo. Katiba ya 2010 ilikabidhi kaunti vyuo vya ufundi vya vijijini. Makueni inaviita CTTI, Kitui nayo ina vituo vyake. Mwanafunzi hawezi kujifunza kufufua kompyuta kwa kuchora ubao mama kwenye daftari. Anahitaji mashine iliyokufa kweli, aifungue, aikosee, aifunge tena.

Mashine hizo ziko. Ofisi za umma huweka kompyuta mbovu stoo zikisubiri mnada, na mnada huziuza kama vyuma. Lakini sheria ya 2015 ya ununuzi na uondoaji wa mali ya umma inaruhusu njia nyingine pia: kuhamishia mali hiyo taasisi nyingine ya umma. Futeni diski kwanza, maana zina siri za wananchi, kisha mashine ziende vyuoni. Zitakazopona zipelekwe shule za sekondari, ambako Masomo ya Kompyuta yana karatasi ya vitendo katika KCSE.

Kama una MCA unayemfahamu, Wote au Kitui, muulize wiki hii: stoo ya kaunti ina kompyuta ngapi zilizoandikwa kuwa zimekufa, na ni nani aliyezipima?