Mtambo Hauulizi Chuma Kimetoka Wapi

Wanafunzi wenzangu, kila jioni nikirudi nyumbani mimi hupita karibu na kiwanda cha chuma. Jirani yetu anayefanya kazi humo alinieleza kwamba vyuma vikuukuu huyeyushwa kwa joto la zaidi ya nyuzi 1,500. Uji huo wa moto humiminwa ndani ya kalibu ya shaba inayopozwa kwa maji. Nje hushika ganda, ndani kungali majimaji, na magurudumu huivuta pau hiyo ndefu polepole bila kukoma. Kisha hukatwa vipande vya kutengenezea nondo.

Mtambo huo nausifu. Tatizo ni sisi. Januari 2022 Serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma vikuukuu kwa miezi kadhaa, kwa sababu nguzo za umeme zilikuwa zikiharibiwa. Mtaani kwetu vifuniko vya mitaro viling'olewa, na ndugu yangu mdogo akatumbukia, akavunjika mguu. Wanaoviuza wengine ni vijana wa shule, eti wapate pesa za chipsi!

Jamani, mtambo hauulizi. Wa kuuliza ni mwenye mizani, na sisi wenyewe. Mchimba kisima huingia mwenyewe.