Motokari ya Zamani: Ukweli Uko Chini ya Rangi



«Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.» Ndivyo walivyosema wazee, na mara nyingi ndivyo ilivyo sokoni. Lakini kuna kitu ambacho uzuri wake hautoshi kukiuza: motokari ya zamani ya mwendo wa kasi, iliyotengenezwa upya na kutolewa kuuzwa.

Tuchukue mfano mmoja, nao ni Jaguar E-type. Motokari hiyo ilitengenezwa Coventry, nchi ya Uingereza, ikaonyeshwa watu mara ya kwanza mjini Geneva, Uswisi, mwezi wa Machi 1961. Waliotaka kuijaribu walikuwa wengi mno. Ndipo Norman Dewis, dereva wa majaribio wa kiwanda, alipoagizwa kuleta nyingine. Akaendesha usiku kucha toka Coventry mpaka Geneva. Injini yake ilikuwa na silinda 6 na nguvu za farasi 265, na ilisifiwa kwamba inakimbia karibu kilometa 240 kwa saa. Kazi ya kuzitengeneza ilipokoma mwaka 1974, zilikuwa zimetoka kiwandani zaidi ya 72,000. Tena mwaka 1996, Museum of Modern Art ya New York iliweka moja miongoni mwa hazina zake.

Lakini motokari hii nzuri ina adui, naye ni kutu. Sehemu yake ya katikati haikuwekwa juu ya fremu nzito ya chuma. Iliundwa kwa mabati membamba yaliyochomelewa pamoja kama sanduku. Nguvu yake imo katika sakafu, na katika mihimili iliyo chini ya milango. Mihimili hiyo ina uwazi ndani; maji yakiingia hukaa humo, na chuma huanza kuliwa toka ndani. Kutu inapoonekana nje, mara nyingi ndani imekwisha kuharibika.

Fundi mwaminifu hufanyaje? Huifungua motokari yote, huondoa rangi mpaka chuma kitupu kionekane, hukata kila kipande kilichooza na kuchomelea kipya. Hupima tena na tena, ili milango ifunge sawasawa na boneti ikae mahali pake. Hapo tu ndipo anapopaka rangi. Kazi hiyo hula miezi mingi, pengine miaka, na fedha nyingi sana. Fundi asiye mwaminifu huziba matundu kwa pati, akasugua, akapaka rangi, akang'arisha. Siku ya kuuza, motokari zote mbili zinang'aa sawasawa! Nani atazitofautisha?

Mnunuzi mwenye akili hubeba sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa, akaipitisha polepole juu ya mwili wa motokari. Penye chuma sumaku hushika. Penye pati nyingi huanguka. Kisha hulala chini atazame sakafu. Baadaye husoma namba. Kiwandani kila motokari ilipewa namba yake, na injini yake vilevile. Namba hizo ziliandikwa katika vitabu vya kiwanda, na hata leo mwenye motokari aweza kuomba cheti kinachoonyesha namba zake za asili, rangi yake ya kwanza na siku ilipotengenezwa. Namba ya injini isipolingana na cheti, maana yake injini ya kwanza ilibadilishwa.

Kwa nini watu wahangaike hivyo kwa ajili ya namba? Kwa sababu bei imefungamana nazo. Zile za miezi ya mwanzo, zenye vitasa vya boneti upande wa nje na sakafu bapa, hutafutwa kuliko nyingine, na moja nzuri yaweza kuuzwa kwa zaidi ya dola 100,000. Penye fedha nyingi hapakosi mdanganyifu. Wapo waliochukua kibao cha namba cha motokari iliyokufa, wakakipigilia juu ya nyingine, wakaiuza kwa jina lisilo lake.

Tuelewane vema. Kutia bati jipya mahali pa lililooza si aibu. Bila kazi hiyo motokari nyingi za zamani zingekuwa chuma chakavu leo. Aibu ni kuficha. Muuzaji mwema huweka picha za kila hatua ya kazi, na kusema wazi: sakafu hii ni mpya, injini hii si ya kwanza, rangi hii si ya asili. Pengine bei itapungua kidogo, lakini mnunuzi atalala usingizi, naye muuzaji hataogopa kukutana naye njiani.

Msidhani, ninyi wanafunzi na wazazi, kwamba jambo hili lawahusu matajiri wa Ulaya peke yao. Anayenunua baiskeli iliyokwisha tumika, au mashine ya kushonea, au motokari kuukuu ya kubebea mizigo, yumo katika hatari ileile; na fedha anazotoa pengine ni akiba ya jamaa nzima. Basi kabla ya kuisifu rangi, ulizeni kilicho chini yake. Nanyi mnaouza, semeni kabla hamjaulizwa.