Njia Nne Zinatosha

Wapo wanaomwambia kijana anayeanza kurekodi muziki nyumbani kwamba asinunue mashine yenye njia chini ya 24, asubiri, adundulize. Mimi niliwasikiliza. Nilidunduliza miaka mitatu, na katika miaka hiyo mjomba wangu, mpiga udi, akafariki. Sina hata wimbo wake mmoja. Ndiyo maana ushauri huo naupinga kwa uchungu.

The Beatles walitengeneza "Sgt. Pepper" ya mwaka 1967 kwa mashine za njia nne; njia zikijaa, walizichanganya na kuzihamishia mashine nyingine, nafasi ikapatikana. Mtasema hao walikuwa na studio na mafundi. Haya, "Nebraska", santuri ya mwaka 1982, Bruce Springsteen aliirekodi chumbani mwake kwa rekoda ya kaseti ya njia nne na maikrofoni mbili.

Basi, ndugu msomaji, usihesabu njia. Uliza: mashine inapokea maikrofoni ngapi kwa wakati mmoja? Mbili zinamtosha mwimbaji na udi wake. Kama ni ya kaseti, tena ya mtumba, ijaribu kabla ya kulipa: kila njia irekodi, kisha isikike. Kama una kompyuta, programu ya Audacity ni ya bure na inarekodi njia nyingi. Fedha itakayobaki nunulia maikrofoni nzuri.

Kisha nenda kwa mjomba wako wiki hii hii, angali anapiga.