Alama ya Wakati Haiwekwi Mara Mbili

Leo tuketi na mwanao mezani. Ameleta daftari la Kiingereza, na mwalimu amepitisha wino mwekundu chini ya sentensi hii: "He did not helped his mother." Mtoto anakuuliza: ikiwa jambo lilitokea jana, mbona "helped" ni kosa? Utamjibu nini?

Wazazi wengi humwambia, "Muulize mwalimu wako," wakaendelea na gazeti. Si uvivu. Wengi walisoma katika shule ambako mtoto aliyepatikana akisema Kiswahili au lugha ya mama alivishwa kibao shingoni hadi ampate mwenzake wa kumpa. Wakatoka huko wakiamini kwamba lugha ya nyumbani huharibu Kiingereza. Mimi nasema Kiswahili ulicho nacho chatosha kumweleza mwanao jambo hili, tena vizuri.

Tuanze na hesabu ndogo. Kitenzi cha kawaida cha Kiingereza kina sura nne tu: "help", "helps", "helping" na "helped". Sasa tazama saidia: anasaidia, alisaidia, atasaidia, amesaidia, husaidia, angesaidia, na bado hatujawagusa mimi, wewe, sisi, nyinyi na wao. Mtoto anayeyamudu haya yote bila kufikiri hatashindwa na sura nne.

Tofauti ni hii. Kiswahili hutia wakati ndani ya kitenzi chenyewe. Kiingereza, kwa kuwa sura zake ni chache, huazima wasaidizi wa kubeba wakati. Mwambie mwanao anakili orodha hii:

Husaidia: "helps"
Anasaidia (sasa hivi): "is helping"
Alisaidia: "helped"
Alikuwa akisaidia: "was helping"
Amesaidia: "has helped"
Alikuwa amesaidia: "had helped"
Atasaidia: "will help"

Akishaielewa, aondoe "help" aweke "cook", kisha "play", kisha "wash". Mpangilio ni ule ule.

Sasa turudi kwenye wino mwekundu. Neno "did" tayari limebeba jana. Kitenzi kinacholifuata hubaki kama kilivyo: "did not help". Vivyo hivyo, ile "s" ya "helps" ikishahamia kwenye "does", hairudi tena nyuma: "does not help", wala si "does not helps". Kiswahili nacho hufanya hivyo hivyo. Alisaidia likikanushwa huwa hakusaidia. "Ku" imeingia, "li" imetoka. Umewahi kumsikia mtu akisema "hakulisaidia" akikusudia tu kukanusha alisaidia? Mtamkie mwanao neno hilo. Atacheka, na akicheka ujue ameelewa: alama ya wakati haiwekwi mara mbili.

Kuna sehemu mbili nyingine ambapo wengi wetu huteleza, wazazi kwa watoto.

Ya kwanza ni "na". Tukisema "dada anasaidia wagonjwa", huenda ni kazi yake ya kila siku, huenda ni sasa hivi. Kiingereza hutenganisha. Jaribu kuweka "hu" mahali pa "na". Ikiwa "dada husaidia wagonjwa" inaleta maana unayoitaka, andika "helps". Ikiwa yuko kazini saa hii unapozungumza, andika "is helping". Ndiyo maana "Every day I am helping my mother" humkwaruza mwalimu masikioni.

Ya pili ni "me", na hii yaweza kumgharimu mtu kazi. Sisi twaweza kusema "nimemaliza masomo mwaka 2021" na hakuna atakayeshtuka. Kijana akiihamisha sentensi hiyo kwenye barua ya kuomba kazi, huandika "I have completed my course in 2021", na anayesoma rundo la barua huiona mara moja. "Have" na "has" hazipatani na siku iliyokwisha kupita. Ukitaja jana, juzi au mwaka uliopita, andika "completed" peke yake. Usipotaja siku, "I have completed my course" ni sawa kabisa.

Kuhusu matamshi, "helped" ni silabi moja, na mwisho wake husikika kama "t". "Called" huishia kwa "d". Silabi ya ziada huja tu pale kitenzi chenyewe kinapoishia kwa sauti ya "t" au "d", kama "wanted" na "needed". Katika maandishi, "carry" huwa "carried", lakini "play" huwa "played". "Stop" huongeza "p" na kuwa "stopped". "Wash" huwa "washes".

Bila shaka utauliza, na "go" na "eat" je? Hivyo ni vitenzi vikaidi, tutavipangia Jumapili yake. Lakini usimtishe mtoto navyo. Hata "help" kilikuwa kikaidi zamani. Katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611 utakuta "holpen" mahali ambapo leo tungeandika "helped". Na vitenzi vipya, kama "email", kwa kawaida huingia moja kwa moja katika kundi la kawaida: "emailed".

Kazi ya jioni ya leo ni nyepesi. Mwombe mwanao akusimulie kwa Kiswahili mambo matatu: alilofanya jana, analofanya kila siku, na atakalofanya kesho. Kisha ayarudie kwa Kiingereza, nawe umsikilize mpaka mwisho kabla ya kumsahihisha.

Hadi Jumapili ijayo, kwaheri.